Nani Ana Ruhusa ya Kufungisha Ndoa?

Mwezi wa Desemba ukifika, sisi watu wa mlimani tunajuana. Mabasi yanapanda kutoka Dar es Salaam na Arusha, vijana wanarudi nyumbani, na harusi zinaanza. Huku mbege inachujwa, kule ndafu inageuzwa motoni. Jumamosi moja katika usharika mmoja unaweza kuona bibi harusi watatu au wanne wamekaa mstari mmoja mbele ya madhabahu. Vigelegele vinasikika mpaka ng'ambo ya mto.

Katikati ya shangwe hiyo watu huuliza mengi. Mahari imekwisha? Gari la maharusi limepatikana? Wapishi wako tayari? Lakini swali moja haliulizwi. Huyu anayesimama mbele na kusema "Nawatangaza kuwa mume na mke", ruhusa hiyo amepewa na nani?

Leo tujifunze jambo hilo. Tutaona mtu anakuwaje mchungaji au padre, na tena anapataje ruhusa ya serikali ya kufungisha ndoa. Hayo ni mambo mawili, siyo moja. Kwanza tuyatenganishe maneno. Wanaooana ndio hufunga ndoa. Mchungaji, padre au mtu wa serikali huwafungisha.

Tuanze na mfano

Tuseme kuna kijana na binti katika kijiji fulani cha Moshi Vijijini. Wamependana, wazazi wamekubaliana, pombe ya posa imepelekwa na kunywewa. Lakini mchungaji wa usharika anawaambia wangoje. Kwanza wahudhurie mafundisho ya ndoa, kisha majina yao yatangazwe kanisani. Kijana hana likizo ndefu. Anasikia kwamba kule barabarani, chini ya bati jipya, kuna mtumishi mmoja anayeombea wagonjwa. Mtumishi anasema, "Njooni kesho kutwa, mwanangu. Hakuna shida."

Wanakwenda. Wanaombewa, wanavishana pete, wanapigwa picha. Wanapewa karatasi nzuri yenye maua pembeni na muhuri wa huduma ile.

Miaka 9 inapita. Wana watoto watatu. Siku moja baba anafariki kwa ajali ya pikipiki. Matanga hayajaisha vizuri, wakubwa wa ukoo wanakuja kuzungumza habari ya kihamba, migomba, kahawa na ile nyumba ya matofali.

Shemeji anauliza, "Mama, cheti cha ndoa kiko wapi?"

Mama anaingia ndani, anatoa ile karatasi yenye maua.

"Hiki siyo cheti," anasema shemeji. "Wewe hukuolewa. Ulikuwa unakaa tu na ndugu yetu."

Mfano huu ni wa kutunga. Tutamwacha mama yule kidogo, kisha tutarudi kwake.

Jinsi mtu anavyokuwa mchungaji

Katika mlima wetu Wakristo wengi ni wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, yaani KKKT, au wa Kanisa Katoliki. Wamisionari Wakatoliki walifika Kilema mwaka 1890. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ujerumani, walifika Machame mwaka 1893. Tangu mwanzo wao ndio waliobatiza na kufungisha ndoa. Wenyeji walikuwa walimu na wazee wa kanisa.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza waliitawala nchi hii, na mwaka 1920 wamisionari Wajerumani wa Leipzig wakaondolewa. Hapo ndipo walimu wetu walipobeba kazi. Walifundisha, walizika, walishika sharika zisianguke. Lakini walikuwa bado hawajabarikiwa kuwa wachungaji. Waafrika wa kwanza wa kaskazini walibarikiwa katika miaka ya 1930. Fikirini hapo: mtu alilea kanisa miaka na miaka, lakini kwa sakramenti ilibidi amngoje mgeni. Wazee wetu walijua mapema kwamba kufanya kazi ni jambo moja, na kukubaliwa rasmi ni jambo jingine.

Mmoja wa watu wa baadaye ni Stefano Moshi. Alikuwa mwalimu kwanza, kisha mchungaji. Makanisa saba ya Kilutheri yalipoungana mwezi Juni mwaka 1963 na kuwa KKKT, yeye alichaguliwa kuwa mkuu wa kwanza wa kanisa hilo. Aliliongoza mpaka alipofariki mwaka 1976.

Siku hizi njia katika KKKT iko hivi. Mtu hajiiti mwenyewe. Anaweza kusikia wito moyoni, sawa, lakini usharika wake lazima umjue na umpendekeze. Wazee wa kanisa wanamtazama: nyumba yake iko namna gani, deni analipa, ulevi hana? Jina lake linapelekwa mbele mpaka dayosisi. Kisha anakwenda kusoma. Wengi tunawajua waliosoma Makumira, karibu na Usa River. Chuo kile kilianza Lwandai, Usambara, mwaka 1947, kikahamia Makumira mwaka 1954. Hapa kwetu kuna chuo cha Mwika, ambacho kimefundisha wainjilisti wengi wa vijiji vyetu. Masomo ya uchungaji ni ya miaka, siyo wiki. Baadaye mtu hufanya kazi chini ya uangalizi, na mwisho askofu anamwekea mikono mbele ya watu. Hapo ndipo tunasema amebarikiwa kuwa mchungaji. Zamani waliobarikiwa walikuwa wanaume tu. Tangu miaka ya 1990 wanawake nao wanabarikiwa.

Kwa Wakatoliki njia ni ndefu zaidi. Kijana husoma falsafa kwanza, na seminari kuu ya Kibosho hapa mlimani inajulikana kwa kazi hiyo. Kisha anasoma teolojia katika seminari nyingine, kwa mfano Segerea huko Dar es Salaam. Anapewa ushemasi, halafu upadre. Ukihesabu vizuri utakuta miaka saba au zaidi imepita tangu alipomaliza sekondari. Naye haruhusiwi kuoa. Mchungaji wa Kilutheri anaoa.

Angalieni na mwinjilisti. Huyu ndiye tunayemwona kila Jumapili mtaani kwetu, maana mchungaji ana mitaa mingi. Mwinjilisti anahubiri, anafundisha kipaimara, anazika. Ni mtu wa maana sana. Lakini mwinjilisti siyo mchungaji, na ndoa inamngoja mchungaji. Kwa hiyo tusimlaumu akisema, "Siwezi, ndugu zangu." Anajua mpaka wa kazi yake, na hiyo ni sifa.

Sasa tuje kwenye serikali

Mtu amebarikiwa. Askofu amemwekea mikono. Je, kesho yake anaweza kufungisha ndoa ambayo mahakama itaitambua? Hapana. Bado kitu kimoja.

Tanzania Bara tuna Sheria ya Ndoa, sheria namba 5 ya mwaka 1971. Ilianza kutumika tarehe 1 Mei mwaka huo. Kabla yake ndoa zetu zilitawaliwa na sheria mbalimbali. Mkristo alikuwa na yake, Mwislamu yake, Mhindi yake, na mila zilikuwa na zake. Serikali ilitoa mapendekezo yake mwaka 1969, watu wakayajadili, wengine kwa hasira. Kisha Bunge likapitisha sheria moja kwa wote. Sheria hiyo haikufuta dini wala mila. Ilisema ndoa inaweza kufungwa kiserikali, au kwa dini, au kwa mila, na zote ni ndoa. Lakini kila namna ina masharti yake.

Sharti moja ni kwamba kiongozi wa dini anayefungisha ndoa awe na leseni kutoka kwa Msajili Mkuu. Leseni ni karatasi ya ruhusa. Dereva anayo yake ya kuendesha gari, mwenye duka anayo yake ya biashara, na mchungaji anayo yake ya kufungisha ndoa. Siku hizi kazi ya Msajili Mkuu iko katika Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Jina hilo ni refu, watu husema RITA tu. Wakala huo ulianza kazi mwaka 2006. Ndio hao hao wa vyeti vya kuzaliwa na vya vifo. Wilayani shughuli zao ziko katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya, yaani bomani.

Mchungaji haendi kuomba leseni kama mtu binafsi aliyetoka shambani. Kanisa lake ndilo linalomtambulisha. Na kanisa lenyewe lazima lijulikane serikalini. Jumuiya za dini husajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya, katika Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Kwa hiyo hapa kuna milango mitatu. Kanisa limesajiliwa. Mtu amebarikiwa na kanisa hilo. Mtu huyo amepewa leseni kwa jina lake. Mlango mmoja ukifungwa, hakufungishwi ndoa ya kisheria hapo.

Leseni hairithiwi. Mchungaji akihama na mwingine akaja, huyu mpya hatumii leseni ya yule wa zamani. Na mtu anayefungisha ndoa huku akijua kwamba hana ruhusa anatenda kosa, anaweza kushtakiwa.

Wengine watauliza, "Kwa nini serikali iingie kanisani?" Swali hilo siyo baya. Jibu letu ni hili. Serikali haimfundishi mchungaji kuhubiri, wala haimwambii nani apate meza ya Bwana. Lakini ndoa ikivunjika, au mtu akifa, ni mahakama itakayoulizwa: nani mke, nani mrithi, nani alee watoto? Mahakama inataka kujua kwamba siku ile mtu mwenye akili na mamlaka alikuwepo, akaangalia umri, akauliza kama wote wawili wamekubali, akaandika.

Nchi nyingine zimefanya vingine. Ufaransa tangu mwaka 1792 ndoa ya kisheria inafungwa kwa ofisa wa serikali. Ujerumani nzima ilifuata njia hiyo tangu mwaka 1876. Kumbe wale wamisionari wa Leipzig waliofika Machame walitoka kwenye nchi ambako ndoa ya kanisani peke yake haikuwa ndoa mbele ya sheria! Kule watu huenda kwanza kwa msajili, halafu kanisani. Marekani nako ni kinyume kabisa. Kuna kanisa moja la California, Universal Life Church, lililoandikishwa mwaka 1962 na Kirby Hensley. Kanisa hilo lilimbariki mtu yeyote aliyeomba kwa barua, bila kusoma hata siku moja. Watu hao wanafungisha ndoa katika majimbo mengi ya Marekani, ingawa mahakama za majimbo mengine zimebishana juu ya jambo hilo. Hapa kwetu karatasi ya namna hiyo peke yake haimpi mtu ruhusa. Tunalisema kwa sababu siku hizi karatasi za nje zinaonyeshwa sana, zimetiwa fremu ukutani, na Kiingereza kingi.

Mambo ambayo mchungaji lazima ayaangalie

Taarifa ya kutaka kuoana itolewe angalau siku 21 kabla ya ndoa. Kanisani nako majina yanasomwa Jumapili tatu. Watu hudhani ni desturi ya kanisa tu, au mchungaji anawachelewesha makusudi. La. Matangazo yale yanampa nafasi mtu anayejua kizuizi aseme. Labda bwana ana mke Mererani. Labda hawa wawili ni ndugu wa damu bila kujua.

Wote wawili wawepo siku ya ndoa, na wakubali kwa hiari yao. Baba hawezi kukubali kwa niaba ya binti. Wawepo mashahidi wasiopungua wawili.

Habari ya umri inataka maelezo. Sheria ile ya 1971 iliandika miaka 18 kwa mwanamume, lakini kwa msichana ikaandika 15. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba. Serikali ilikata rufaa, na mwezi Oktoba mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilikubaliana na Mahakama Kuu, ikaagiza sheria irekebishwe umri uwe 18 kwa wote. Kwa hiyo mzazi anayekuja na binti wa miaka 16 na kusema "sheria inaruhusu", mwambieni habari ya hukumu hiyo.

Mahari je? Hapa wazee wetu hukasirika kidogo. Sheria inasema ndoa haibatiliki kwa sababu mahari au zawadi za mila hazikutolewa. Mila zetu za posa ni nzuri na zinaunganisha koo mbili, sisi wenyewe tunazipenda. Lakini mtu hawezi kwenda mahakamani aseme, "Huyu siyo mke, maana mbuzi wa mjomba hajaletwa."

Ndoa ya Kikristo iliyofungwa kanisani ni ya mke mmoja. Wote wawili wakiendelea kuwa Wakristo, haiwezi kugeuzwa kuwa ya wake wengi, hata wakaenda bomani kuomba.

Ibada ikiisha, kuna kuandika. Maharusi, mashahidi na mfungishaji wanatia sahihi. Nakala ya cheti wanapewa wenye ndoa, na kumbukumbu nyingine zinapelekwa kwa Msajili. Hapa ndipo kisomo chako kinapofanya kazi, ndugu. Soma kabla ya kutia sahihi. Jina lako limeandikwa sawasawa na lile la cheti cha kuzaliwa au kitambulisho? Mchaga mmoja ana majina mengi: la ubatizo, la nyumbani, la ukoo. Herufi moja ikikosewa leo, baada ya miaka 30 mjane atazungushwa ofisini kwa ajili ya herufi hiyo.

Tena kuna neno "kubariki ndoa". Wazee wengi walioana kimila, au bomani, na baadaye wakaenda kanisani kubarikiwa. Hilo ni jema. Lakini kama hamkuwahi kuoana kwa namna yoyote, muulizeni mchungaji waziwazi: "Baba Mchungaji, hii ni kufunga ndoa au ni kuombewa tu?" Sala ni sala. Cheti ni kingine.

Turudi kwa yule mama

Tulimwacha na karatasi yake ya maua. Je, shemeji yake ana haki?

Sheria imemhurumia mama huyu kuliko shemeji anavyofikiri. Inasema kwamba mfungishaji kukosa ruhusa hakuharibu ndoa, isipokuwa kama wote wawili, bwana na bibi, walijua siku ile kwamba hana ruhusa. Mama hakujua. Alidhani kwa moyo safi kwamba yule ni mtumishi halali. Hata ndoa kutoandikishwa, peke yake, hakuifuti. Wala kukosekana kwa taarifa ya siku 21.

Basi ameshinda? Hapo ndipo penye kazi. Lazima athibitishe kwamba sherehe ile ilikuwepo na masharti mengine yalitimizwa. Mashahidi wawili wako wapi? Mmoja amehamia Tunduma, simu yake haipatikani. Mtumishi mwenyewe amefunga huduma, bati limeng'olewa. Mama atatafuta picha, atatafuta majirani. Atapanda daladala kwenda Moshi mjini leo, kesho kesi imeahirishwa, wiki ijayo tena. Nauli ni ya kuuza ndizi. Wakati huo kahawa inachumwa na wengine.

Upo msaada mwingine katika sheria. Mwanamume na mwanamke wakikaa pamoja miaka 2 au zaidi, na watu wakawajua kuwa mume na mke, mahakama inaweza kuchukulia kwamba wameoana. Wengi wamelisikia hili nusu nusu. Wanasema, "Ukikaa miaka miwili umeshaoa." Siyo hivyo. Ni dhana tu, na upande wa pili unaruhusiwa kuleta ushahidi wa kuivunja. Mtu aliye na mke wa ndoa kanisani, kwa mfano, hawezi kuhesabiwa kuwa ameoa mwingine kwa kukaa naye tu. Na kinachoamua ni mahakama, siyo kikao cha ukoo wala mwenyekiti wa kitongoji.

Kwa hiyo mama anaweza kupata haki yake, lakini atakuwa amechoka. Kama siku ile angekuwa na cheti halisi, mazungumzo na shemeji yangekwisha pale pale barazani.

Kuuliza siyo kukosa adabu

Tunajua ni vigumu. Utamwambiaje mtumishi wa Mungu, "Nionyeshe leseni"? Lakini mchungaji mwenye leseni hakasiriki. Unaweza kumwendea na wazazi wako, mkamwambia hivi: "Shikamoo, Baba Mchungaji. Tumekuja kwa habari ya ndoa ya watoto. Tungependa kujua cheti kitatoka namna gani, na kama kitaandikishwa kwa Msajili." Ukiona anakwepa, au anasema karatasi ni mambo ya dunia, ondoka kwa heshima. Unaweza pia kuuliza bomani kama mtu fulani ana leseni na kama bado inatumika.

Na kama mnataka kuoana upesi, au ninyi ni wa dini mbili na hamjakubaliana mfunge wapi, ndoa ya bomani ipo. Taarifa ya siku 21 inahitajika huko pia. Ni ndoa kamili. Haina kwaya, lakini cheti chake kina nguvu ile ile.

Wale waliokwisha kuoana zamani, fungueni sanduku usiku huu. Toeni cheti. Msome wote wawili, mke asome na mume asome: majina, tarehe, sahihi za mashahidi, jina la aliyefungisha. Kama hakipo, au mna wasiwasi nacho, nendeni kwa mchungaji au padre aliyewafungisha, au bomani, wakati mashahidi wenu bado wako hai na mnajua wanakokaa.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

Katika kijiji chenu, ni nani wanaofungisha ndoa? Mnajuaje kama wana leseni?

Mwinjilisti anaweza kufanya kazi zipi, na ipi hawezi?

Kama ungekuwa mzee wa baraza, ungemwambia nini yule shemeji? Na ungemwambia nini yule mama?